Kitanda cha Fundi Pamba

Baba yangu ametengeneza magodoro ya mtaa mzima, na mpaka mwaka jana hakuwa na kitanda. Nikisema hivi watu wanadhani natia chumvi. Sitii. Mtu huyu ambaye kila mmoja anamwita Fundi Pamba, ambaye maharusi humkimbilia hata kabla ya kumwona mshona nguo, alikuwa akilala sakafuni juu ya godoro la kukunja, na mama ubavuni pake.

Kazi yake ni kufufua magodoro. Godoro la pamba likizeeka hubonyea katikati na kuwa gumu. Ukimwita, atakuja na fimbo zake mbili na shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Atalifumua uani, ataichapa pamba mpaka ilegee, ataichambua na kuianika juani, kisha atairudisha kwenye mfuko na kuishona upya. Jioni unalalia kitu kipya, na kumbe ni kile kile alichokilalia bibi yako.

Kwa kazi hiyo baba ameingia vyumba vya kulala vingi kuliko daktari. Anarudi nyumbani na pamba kwenye nyusi, anakaa, anapewa chai, na hapo ndipo simulizi zinapoanza. Yote ninayoyajua juu ya maisha ya wenyeji na maisha ya sisi tuliokuja nimeyasikia mbele ya kikombe hicho.

Kwa wenyeji, anasema, utakuta kitanda kikubwa cha mbao nzito kimejaza chumba. Baba mwenye nyumba alizaliwa juu yake, na babu alifia hapo hapo. Kuta ni zao, kiwanja ni chao, na wakienda ofisini kuna mtu anayemjua shangazi yao. Lakini ukipita jikoni, sufuria imefunikwa mapema mno. Vijana wamekaa barazani wakisubiri kazi aliyoahidi mjomba, na mjomba mwenyewe siku hizi hapokei simu. Paa linavuja kwa sababu nyumba ni ya ukoo mzima, na katika ukoo mzima hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kununua bati.

Kwa wageni ni mambo mengine. Chumba ni kimoja, na magodoro membamba yamekunjwa na kuegemezwa ukutani, maana mchana chumba hicho ni kiwanda: mmoja anashona, mwingine anapanga sabuni kwenye maboksi, wa tatu amelala pembeni kwa sababu zamu yake ni ya usiku. Sufuria inachemka kila siku na watoto wana viatu vya shule. Lakini mle ndani hakuna anayethubutu kuugua. Mwenyeji akilala wiki nzima na homa, ana binamu, ana shangazi, ana jirani aliyesoma naye. Mgeni akilala wiki nzima, kodi ya chumba imeliwa. Na akimdai mwajiri ujira wake kwa sauti ya juu kidogo, ataulizwa kwao ni wapi.

"Wao wana kuta hawana mfuko," baba humalizia, "na sisi tuna mfuko hatuna kuta."

"Mfuko wenyewe umetoboka," mama humjibu kutoka alipo.

Mimi nilizaliwa hapa, nikacheza kombolela na watoto wa wenyeji, kwa hiyo nimelishwa maneno ya pande zote mbili. Kwa wenyeji nimesikia kwamba tumewalia watu kazi zao. Kwa wageni wenzetu nimesikia kwamba wenyeji ni wavivu, wanangoja embe lianguke mdomoni. Wote hunikera sawasawa. Ningekuwa na uwezo ningewafungia chumba kimoja mpaka waoneane huruma.

Chumba chetu ni cha Bibi Funguo. Tunamwita hivyo kwa sababu ya ule mkufu wa funguo unaolia kiunoni mwake, nyingi zikiwa za milango ambayo haipo tena. Ni mjane, mwenyeji wa wenyeji, na nyumba ameirithi kwa mumewe. Kodi yetu ndiyo chakula chake, na ukuta wake ndio usingizi wetu. Wanawe wote wamekwenda nchi za mbali kutafuta. Siku moja jirani alimwambia awatoe hawa wageni apangishe watu wa hapa. Nilikuwa nachota maji, nikasikia kila kitu. Bibi Funguo alimjibu, "Na wanangu mimi huko waliko ni kina nani? Si wageni wa mtu?" Kisha akaingia ndani akabamiza mlango. Nilimpenda toka siku hiyo.

Turudi kwa kitanda. Baba alikuwa na kanuni yake: mtu aliye safarini hanunui kitu asichoweza kukibeba begani. Tulikuwa safarini tangu kabla sijazaliwa. Kila mwaka tulikuwa tukisema tunarudi kwetu mwaka unaofuata. Hata magodoro anayowashonea wageni wenzake huyatia mikono miwili ya kitambaa pembeni, ya kubebea, bila kuombwa. Mkono wake umezoea kiasi kwamba aliwahi kumtilia biharusi mwenyeji. Mama mkwe akaliona godoro lina mikono, akauliza mbele ya watu kama bwana harusi ana mpango wa kutoroka. Baba alirudi siku ile ameinamisha kichwa, na mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Mwaka jana mama aliteleza uani akifua. Alianguka kwa nyonga, na sauti ile ya mfupa niliisikia nikiwa ndani. Hospitali walimfanyia upasuaji wakamtia chuma. Siku ya kutoka, muuguzi, mwanamke mnene mpole, alituweka kando mimi na baba, akatueleza polepole tusije tukasahau. Mgonjwa asilale chini kabisa. Alale kwenye kitanda imara, cha juu, ainuke mwenyewe na kutembea kila siku. Akizoea kuinuliwa, mguu utakaza, na hatatembea tena.

"Mna kitanda kizuri nyumbani?" akauliza.

"Tunacho," baba akasema. Nilimtazama. Alikuwa anaangalia dirishani.

Tulifika nyumbani na mama akiwa kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima. Bibi Funguo alisimama mlangoni kwetu, akaangalia sakafu, akaangalia godoro lililokunjwa ukutani, akamwangalia baba. Sikuwahi kuona mtu akitukanwa kwa macho vizuri vile. Alituongoza mpaka chumbani kwake, akamlaza mama kwenye kitanda chake mwenyewe, yeye akahamia kwenye kochi la sebuleni ambalo lilikuwa limetoka springi.

"Bibi, haiwezekani," mama alilia.

"Inawezekana, mwanangu. Mimi nyonga zangu zote mbili bado nzima. Lala."

Nitamshukuru bibi huyu mpaka naingia kaburini, na wala sitafuti maneno mazuri ya kulisema hilo. Mwanamke wa umri ule alijikunja kwenye kochi ili mama yangu anyooke. Asubuhi nilimkuta amekaa anajikanda kiuno, na aliponiona akajifanya anatafuta ufunguo.

Baba aliona aibu, akaenda kununua kitanda cha chuma cha kukunja, kile cha turubai. Bila shaka! Kinakunjwa, kinabebeka. Tukamrudisha mama chumbani kwetu na kumlaza humo. Kitambaa kikabonyea, mama akazama katikati, na ilipofika wakati wa kuinuka hakuweza. Alijaribu, akajaribu, jasho likamtoka. Ikabidi mimi na Bibi Funguo tumvute huku na huku. Kila siku ikawa hivyo. Mguu ukaanza kukaza kama muuguzi alivyosema. Jioni moja mama aligeukia ukuta akasema ameshazoea, tusihangaike, atakaa tu. Mama yangu ambaye hajawahi kukaa! Nilitoka nje nikamkuta baba anachambua pamba ya mtu, nikamwambia usoni:

"Baba, safari yako itamlemaza mama."

Aliweka fimbo chini, akavuka uchochoro kwenda kwa Mzee Randa.

Mzee Randa ni seremala, mwenyeji, karakana yake inatazamana na mlango wetu. Miaka yote hiyo wamesalimiana kila asubuhi na baba hajawahi kumpa kazi hata ya kigoda. Nilimfuata baba kwa nyuma, maana nilitaka kushuhudia.

"Jirani, nataka kitanda," baba akasema.

Mzee Randa alikuwa ameketi bila kazi, kikombe mkononi. "Nani anataka kitanda?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe na watu wako ndio mlioniua kwa vigodoro vyenu vya kukunja! Na wateja walionusurika kwenu wamemalizwa na vitanda vya dukani. Unajua mara ya mwisho nimechonga tendegu lini?"

"Mke wangu hawezi kuinuka," baba akasema.

Mzee Randa aliweka kikombe chini. Hakuongeza utani. Alivuka na kamba yake ya kupimia, akamwomba mama ruhusa, akapima kutoka unyayo mpaka goti. Akamuuliza mkono upi una nguvu zaidi, akaangalia mwanga unaingilia wapi. Akarudi kwake, na baada ya muda mfupi nikasikia randa inalia. Nilitambua kwamba sauti hiyo nilikuwa sijaisikia tangu niko shuleni.

Baba naye alianza godoro. Niliwahi kumwona akifanya kazi nzuri, lakini hii ilikuwa kitu kingine. Alichambua pamba mpya uzi kwa uzi, akajaza mpaka mfuko ukasimama wenyewe. Mara mbili tatu nilimfumania ametulia, shazia mkononi, anawaza.

Siku ya kukileta kitanda, baba aliitwa kazini upande wa pili wa mji. Mzee Randa akavusha mbao moja moja: matendegu, ile miguu mizito ya kitanda, mbao ndefu za ubavuni, na ubao wa kichwani wenye sehemu ya kushika upande ule wa mkono wa mama wenye nguvu. Akaviunga humo humo chumbani kwa gundi na vigingi, akigonga nyundo mpaka vumbi likadondoka darini. Bibi Funguo alisimamia, akitoa amri ambazo Mzee Randa hakuzifuata. Kilipokamilika kilijaza nusu ya chumba. Baba alirudi akakuta tumekaa tunakitazama.

Alifurahi kwanza. Alikipapasa, akakitikisa, hakikutikisika. Kisha nikaona macho yake yanakwenda mlangoni, yanarudi kitandani, yanakwenda mlangoni. Akachukua kamba yake mwenyewe akapima kitanda, akapima mlango.

"Fundi," akasema kwa upole, "umekosea. Hiki hakipiti mlangoni."

"Sijakosea."

"Hakipiti. Njoo uone."

"Najua hakipiti. Vitanda vyetu vyote tunaviungia ndani ya chumba. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu hivyo hivyo."

"Sasa kitatokaje?"

Mzee Randa alimtazama kwa mshangao wa kweli. Nadhani katika maisha yake yote ya useremala hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hivyo. "Kitoke kiende wapi?"

Baba akamgeukia Bibi Funguo. "Bibi, chumba ni chako. Siku ukitutaka tutoke, hiki itabidi kivunjwe."

"Nani kakwambia nataka mtoke?" Bibi Funguo alifoka, na funguo zikalia kiunoni. "Miaka yote hii unanisalimia na mguu mmoja nje. Mume wangu amekufa, wanangu wameondoka, na ninyi mko hapa. Nikipiga chafya ni nani anauliza kama nimekunywa dawa? Si huyu mkeo? Acha kunichosha, mzee mzima. Tandika godoro."

Baba alitandika godoro. Tukamtoa mama kwenye kile kidude cha turubai, tukamketisha ukingoni mwa kitanda, nyayo zake zikagusa sakafu sawasawa. Alijilaza, akanyoosha mgongo wote, akafumba macho. Mzee Randa alikuwa ameinama anaokota vipande vya mbao ambavyo vingeweza kungoja.

Kisha mama akafumbua macho, akasema anataka kuinuka. Mimi na baba tukamkimbilia.

"Msiniguse."

Akageuka ubavu, akashusha mguu mzima, akaushusha na ule mwingine kwa uchungu, akashika ule ubao wa kichwani. Akavuta pumzi. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo kuliko nilivyowahi kumwomba. Mama akajisukuma, akayumba, akasimama. Alisimama peke yake, nywele zimemtimka, jasho linamtiririka, na Bibi Funguo akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje.

Mama hakuwajali. Alikuwa anamtazama baba aliyesimama pale mlangoni, kamba ya kupimia bado mkononi.

"Baba watoto," akamwambia, "mimi nimefika. Wewe kama bado uko safarini, nenda salama."

Baba akaning'iniza kamba kwenye msumari, akavua viatu, akaja kukaa kitandani karibu na alipokuwa amesimama mkewe.