Mwanamke wa Kigoma Ndani ya Simu ya Mume Wangu

Admin, jina langu lifiche kabisa, huku mtaani Kinama kila mtu anamjua mwenzake. Nina miaka thelathini na minane, nauza vitenge, mume wangu ni fundi wa magari. Shule hakusoma. Tangu tuoane mesaji zake zote namsomea mimi, na sikuwahi kuchoka.

Mwaka huu akina mama wa msikiti wetu waliungana na wenzao wa parokia, wakafungua mafunzo ya simu kwa watu wazima, hasa wasiojua kusoma. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsukuma aende. Tangu aanze, hajaniletea simu tena. Anakaa nayo uani, ameiweka sikioni, anatabasamu peke yake. Nani asingeshuku?

Juzi naanika nguo, nikasikia sauti ya mwanamke kwenye simu yake: "Nimekukumbuka sana. Usimwambie mama watoto." Mama watoto si ndiye mimi! Na Kiswahili chake kimenyooka, cha Watanzania, siyo hiki chetu. Nikajua ni mwanamke wa Kigoma, maana huko, ng'ambo ya mpaka, ndiko anakofuata vipuri.

"Baba watoto, ule mwanamuke ni nani?"

Akacheka. "Mwanamuke gani? Ile ni telefone inanisomea."

"Telefone inaongea Kiswahili ya Kigoma? We unaona mi mujinga?"

Nikajifunga kibwebwe, nikaenda hadi kwa mwalimu wao. Yule dada wala hakukasirika. Akanipa simu yake, akasema niandike chochote. Nikaandika: "Wewe ni mwizi wa waume." Akaigusa, na mwanamke yule yule wa Kigoma akayasema maneno yangu kwa upole, moja moja. Darasa zima likaangua kicheko. Dada akanieleza kwamba simu haina maneno yake, inasoma tu kilichoandikwa na mtu. Nilicheka hadi machozi, nikaomba msamaha, na njiani nikamnunulia mume wangu mukeke.

Samaki akiwa kwenye mafuta ndipo akili ikanirudia. Haya, sauti ni ya mashine. "Usimwambie mama watoto" aliandika nani?

Alikula mukeke wake, akanisifu. Mimi roho inaniuma, sijamwuliza. Zamani ningeichukua simu nikasoma, lakini wamemfundisha pia kuifunga kwa kidole chake.

Ndugu zangu, nifanye nini? Nishaurini, ila muwe waangalifu mnachoandika. Ukurasa huu mume wangu naye siku hizi anasomewa na simu.