Siku Koko Alipika Bahari

Juzi, hapa Beni, mama mwenye malewa, kale ka nyumba ka kuuzia chakula, karibu na parkingi ya pikipiki alizidisha chumvi mu maharagi. Batu bote banalalamika, wengine banasukuma sahani. Mimi nikasema: "Mama, niongezee kidogo." Akaniangalia kama mugonjwa. Ndugu yangu, angejua vile ile chumvi ilinirudisha Butembo, ku jikoni ya koko!

Koko, mama ya mama yangu, ndiye alitulea, kule Vulamba, mu Butembo. Asubuhi ukungu unajaza mabonde, mikalitusi inavuma, na kinu ya kutwanga sombe, majani ya muhogo, inalia mu kila lupango ya nyumba. Mwaka ule mwalimu aliomba kila mutoto atunge shairi. Yenye itapendeza itasomwa siku ya proklamasio, ya kutangaza matokeo ya mwaka, mbele ya bazazi. Mimi nikatunga juu ya bahari, na juu ya mutu mwenye kutembeatembea pembeni yake bila kuchoka. Mutu akizaliwa kati ya milima, roho inatafuta mahali macho hayagongi kitu.

Mwalimu akauliza: "Wewe, ulishaona bahari?"

"Hapana, mwalimu."

"Donc hii ni uongo yenye kuvaa vizuri. Utaisoma siku utatuonyesha bahari."

Kuanzia pale batoto bakaniita Mombasa.

Jirani yetu alikuwa shofere wa kamio, anapita mupaka wa Kasindi mpaka kule Mombasa kubeba bidhaa. Nikamuomba aniletee bahari kidogo. Alicheka, mais hakusahau. Alirudi nayo ndani ya kabidoni ka mafuta ya kupikia. Nikaificha jikoni, nyuma ya gunia ya makala ya moto, ningojee Jumatatu.

Sasa unajua bamama ba kwetu: banachuja mayi mu majivu ya maganda ya ndizi, banaiweka mu kabidoni, ndiyo inalainisha maharagi na kushika nafasi ya chumvi. Jumapili jioni chumvi iliisha. Koko akaona kabidoni, akaonja na kidole, akamushukuru Mungu, akamwanga yote mu nyungu.

Tuko tunakula, jirani akaingia kusalimia. Bakamupa sahani. Akatafuna, akaonja tena muchuzi. "Mama, hii maharagi ilitembea! Hii ladha ninaijua!"

Nikakimbia nyuma ya makala. Kabidoni ilikuwa imegeuzwa, inakauka.

"Koko! Umepika bahari!"

"Bahari gani? Ile mayi ya chumvi?"

Jirani alicheka mpaka akashika mulango. Mimi nililia, nikakataa kula. Koko hakucheka. Alipangusa macho yangu na kitenge chake, yenye harufu ya moshi.

"Hapana lia, mutoto wangu. Bankambo betu, babu ba zamani, balitembea na miguu mpaka Katwe, ku ziwa ya chumvi ngambo ya mupaka, juu ya kutafuta chumvi tu, mizigo inabachubua migongo. Wewe, chumvi imekufuata mpaka ku nyumba. Unaifukuza?"

Akafunika sahani yangu. Asubuhi nilikula maharagi ya baridi, ulimi unawaka.

Ku masomo, mwalimu akaniita: "Ee, Mombasa! Bahari iko wapi?"

"Tuliikula, mwalimu."

Darasa ikaanguka na kicheko. Mwalimu mwenyewe alitoa miwani, akapangusa macho. Kisha akasema pole pole: "Basi andika ile."

Nikaandika ile: nyungu, kidole ya koko, migongo ya bankambo. Ndiyo ilipendeza. Siku ya proklamasio koko alikaa mbele, na kitenge cha kuendea misa. Nilipofika pale pa kidole, akasimama, akapaza sauti: "Ni mie!" Bazazi bote bakapiga makofi, na mimi nikasahau mustari wenye kufuata.

Koko alishatuachia hii dunia. Jirani alihama na kamio yake, na ku lupango yetu hakuna tena mwenye kuchoma maganda ya ndizi. Tunanunua vyote ku butike. Bahari yenyewe bado sijaiona, na ningali natunga juu yake, jioni, nikitoka ku shamba ya kakao. Sina haraka nayo. Ilishakuja kwetu mara moja, ikatukuta bote mezani.

Juzi ile, hapa Beni, mama wa malewa akarudi na sahani. "Kula, mais usiniletee kesi ya tumbo!"

Nilikula yote. Nikapangusa sahani na tonge ya mwisho ya fufu, juu ile mara ya kwanza, kwa koko, nilitaka kuacha ile chumvi.