Panda Huzaa Wawili, Hulea Mmoja

Nafundisha Baiolojia kidato cha pili hapa Kasulu, na mnyama ninayemchukia kuliko wote sijawahi kumwona kwa macho. Namjua kwa kitabu cha msaada kilichotufikia bila jalada, chenye kurasa nne za panda. Wanafunzi walimpenda. Walicheka kusikia kuna dubu anayekula mianzi, ileile wanayosukia vikapu kwao Buhigwe, na kwamba tumbo lake ni la mla nyama, kwa hiyo sehemu kubwa ya anachokula hutoka bila kumfaidi. Ndiyo maana hutafuna, akalala kidogo, akaamka kutafuna tena. Nikawaonyesha mfupa wa kiganja uliorefuka ukawa kama kidole gumba cha ziada, wa kushikia shina. Wakasema huyo ni mvivu aliyepewa vifaa.

Siku hiyo nilikuwa na mimba ya miezi saba. Msichana wa dawati la mbele akasoma maandishi chini ya picha. Panda jike huweza kushika mimba kwa siku mbili tatu tu katika mwaka mzima. Mama ana uzito wa gunia la mahindi, mtoto anazaliwa na uzito wa mayai mawili, haoni, hana manyoya. Akizaa mapacha, na si ajabu kuzaa mapacha, huchagua mmoja, mwingine humwacha chini.

"Mwalimu, kwa nini asiwabebe wote?"

"Maziwa hayatoshi, na mtoto mchanga hatoki kifuani usiku na mchana," nilimjibu. "Mwili wenyewe unaamua." Nilijiona nimejibu vizuri sana.

Nikajifungua mapacha, wote wa kike. Mama mkwe akaja kunisaidia kutoka Kibondo. Ukoo wao ulitoka Burundi, na kwake mapacha, amahasa kama anavyowaita, hawabaguliwi. Wanavaa sare. Huyu akipewa uji, na huyu anapewa, hata kama amelala ataamshwa. Mmoja akijiona amepunjwa, alisema, anaondoka zake duniani.

Walipofikisha miezi minane, mdogo akaanza kukonda. Kliniki wakampima mkono kwa utepe, ukasoma nyekundu. Nesi akanipa vipakiti vya chakula dawa, kile cha karanga, akanikazia macho.

"Mwalimu, hiki ni cha huyu peke yake. Mwenzake asionje. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Nyumbani mama mkwe alikata kipakiti, akakamulia nusu kwenye bakuli la mmoja na nusu kwenye bakuli la mwingine, kwa uangalifu wa mfamasia. Nikamweleza maneno ya nesi. Akasema nesi hajalea mapacha. Kesho yake nikamchukua mdogo nyuma ya jiko, nikamlisha kipakiti kizima kwa kujificha. Mama mkwe akatukuta. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikaa chini, akaniambia jambo ambalo hata mume wangu hajawahi kulisikia. Walipokimbia vita alikuwa na mapacha, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, na kabla ya kufika mpakani aliishiwa nguvu, akamlaza mmoja kando ya njia.

"Nilimchagua yule aliyekuwa bado analia," alisema. "Mwanangu, usinifanye nione tena mtu anachagua."

Huyo aliyekuwa bado analia ndiye aliyenioa.

Ningeweza kumjibu mengi. Kitabu kilisema wanaowatunza panda humwachia mama mtoto mmoja, mwingine wakamweka kwenye kisanduku chenye joto, kisha wakawabadilisha kwa siri, tena na tena. Mama anaamini anaye mmoja tu, na wote wawili wanapona. Kwa hiyo sikukosa ujanja, wala sikukosa elimu. Nilimhurumia mama mkwe. Tena, niseme ukweli, nilikuwa nimechoka, na kukubali kulikuwa rahisi. Kila kipakiti tukakigawa katikati. Mkubwa akanenepa mashavu. Mdogo akala nusu ya dawa yake kwa wiki tano, na kila asubuhi nilimwinua nikamkuta mwepesi zaidi.

Tulimzika Kibondo, mvua ikinyesha. Mama mkwe alimvika mkubwa gauni sare na lile alilozikwa nalo mwenzake, ili asiwepo aliyepunjwa. Sikumlaumu mbele za watu, na sijamlaumu hadi leo. Nesi alinipa maelekezo mimi, si yeye.

Wiki iliyofuata maziwa yangu yakaanza kutosha. Mtoto aliyebaki alinyonya titi moja, akahamia la pili, akaliacha halijaisha, akalala mdomo wazi, ameshiba. Miezi yote tisa sikuwahi kumwona ameshiba hivyo. Nilimtazama nikamchukia, mwanangu wa kumzaa, labda kwa nusu saa nzima, naye amelala tu.