Nyanya Alipoonja Maji ya Samaki

Juzi nilikuwa kwa daktari wa meno pale Voi, nikaketi kando ya tangi la kioo lenye samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe, wale wanaokaa kwenye matumbawe. Dada wa mapokezi akaja na jagi kuongeza maji. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikaropoka: "Hayo ni ya bahari ama ya mvua?" Alicheka, akaendelea kumimina. Ngoja nikueleze wewe.

Miaka ya sabini tulikaa nyumba za reli, baba akiwa karani wa stesheni. Jirani yetu, mama mmoja wa Mombasa, alifuga samaki kama hao sebuleni. Hebu fikiria! Nje ni vumbi jekundu na joto la kupasua midomo, na yeye ana bahari yake mezani, pampu ya hewa ikinguruma kutwa nzima. Maji ya bahari yaliletwa kutoka Mombasa na gadi wa treni, jerikeni moja kila wiki.

Basi jirani akawa mja mzito. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Watu wazima walilisema hilo kwa sauti ya chini wakidhani sisikii. Akaenda kujifungulia kwa mamake, na kwa kuwa mumewe alikuwa dereva wa treni asiyeshinda nyumbani, samaki aliniachia mimi.

"Mwanangu, uduvi kidogo asubuhi, na maji yakipungua uongeze. Nataka nirudi niwakute."

Nilikuwa na miaka kumi. Nikajitia kichwani kwamba samaki wakifa, na mtoto atakufa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijitungia mwenyewe, nikaamini kabisa.

Sasa joto la Voi unalijua. Kila siku maji yalishuka kama upana wa kidole, na kila siku nilijaza kutoka kwenye jerikeni, maana samaki wa bahari si anataka maji ya bahari? Wiki ya nne kingo za kioo zikaota ukoko mweupe. Samaki wakaacha kula. Mmoja alilala chini kwa ubavu, akihema. Sikuweza kumeza hata ugali. Mama akadhani ni malaria, akanipa vidonge vichungu, nami nikaona heri kuvimeza kuliko kusema.

Nyanya ndiye aliyenikuta nalia. Alikuwa ameteremka kutoka Ronge kule milimani na ndizi zake na kimanga, ule mseto wa mihogo na maharagwe, kilichofungwa kwenye majani. Nilimmwagia yote, mpaka habari ya mtoto. Hakunicheka. Alichovya kidole kwenye tangi, akalamba, akatema mate mlangoni.

"Ala! Na ya jerikeni yako wapi?"

Akaonja na hayo. Akanitazama jinsi alivyokuwa akimtazama mtu aliyeunguza maharagwe.

"Wewe mtoto, ukichemsha mboga maji yakakauka, chumvi inakwenda wapi? Inabaki! Jua limekunywa maji, nawe unaongeza chumvi juu ya chumvi. Utawakausha hawa kama ng'onda."

Ya mfereji aliyakataa, yalinuka dawa. Tukatumia ya mvua kutoka kwenye pipa letu, tukichota ya tangi na kujazia hayo, kikombe baada ya kikombe, asubuhi na jioni, na kila mara nyanya alionja tangi, akaonja jerikeni, akatema. Siku ya tatu akasema, "Sasa yamelingana." Kesho yake asubuhi yule wa ubavu aliinuka akanyakua uduvi. Nilipiga kelele hadi stesheni wakasikia.

Jirani alirudi baada ya mwezi, na msichana mnene mwenye nywele tele. Niliketi sakafuni nikalia kwa raha, na hakuna aliyejua sababu ila nyanya.

Zile nyumba sasa zimebaki kuta, gadi hawapiti tena, na yule mtoto ni bibi wa watu. Nyanya tulimzika Ronge miaka mingi iliyopita. Jirani alikuwa amemwomba mara ngapi sijui aende naye Mombasa, apande treni bure, akaione bahari kama shukrani. Nyanya alicheka hadi akashika mbavu.

"Niende kuona nini, mwanangu? Nimeshaionja."