Sahani Yangu Peke Yangu

Nilikwenda kumtolea damu mfanyakazi mwenzetu aliyeumia mgodini, nikarudi nyumbani na ugonjwa. Daktari aliniambia kuna virusi vya ini katika damu yangu, labda tangu utoto, na kwamba naweza kuzeeka navyo bila kuumwa. Mke wangu naye apimwe, akasema, na kula pamoja hakuambukizi. Mimi nilishika neno virusi tu. Mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Tulikaa Musonoi, mtaa wa Kolwezi, na bado nilikuwa nabeba gunia la unga begani bila kuhema. Lakini kila asubuhi nilisimama mbele ya kioo nikivuta kope, nikitafuta umanjano. Nilijinunulia sahani na kikombe, nikawa nakula bukari, ugali wetu, peke yangu chumbani huku watoto wakinichungulia mlangoni. Niliogopa kuwaua, na sikumwambia mtu.

Kolwezi ya siku zile, mwanamume anayejitazama sana kwenye kioo na kususa sahani ya nyumbani alikuwa na maana moja tu: ana deuxième bureau, yaani mwanamke wa nje. Mke wangu alinuna weee, mwisho akamwita mama yake.

Mama mkwe alikuja akaketi nje, nyuma ya ukuta wa jikoni; mimi na mke wangu tulikuwa ndani. Kwetu mkwe na mama mkwe hawali pamoja wala hawatazamani usoni, kwa heshima. Akaniuliza kupitia ukuta, kwa upole kabisa, akiniita baba, "Tata, ule mwanamuke mwingine anapikaka nini?"

Nilishindwa kujizuia. Nikawaeleza yote, hadi lile neno la daktari kuhusu chakula, ambalo nilikuwa kama nalisikia kwa mara ya kwanza.

Nyuma ya ukuta kikaanza kicheko. Mke wangu naye alicheka huku akifuta machozi. "Kesho tutaenda wote ku hopitali," akasema. "Banipime na miye."

"Tata," mama mkwe akaita, "mi siwezi kukula na weye juu ya heshima. Sasa batoto bako, unabakimbia juu ya nini?"

Nikanawa mikono, nikaketi katikati ya watoto waliokuwa wakila, nikamega bukari na samaki kwenye sahani yao. Kitinda mimba wangu akaninyang'anya kipande cha samaki mkononi, akakitia mdomoni, nami nikamwacha.