Ripoti Iliyoniamkia

Nimechoka, ngoja niwaambie tu. Mimi ni mtengenezaji wa programu hapa Nyamagana, na juzi tulikuwa tunamalizia mfumo wa kupimia pamba kwa kiwanda kimoja cha Magu. Ulikuwa na sehemu tatu: Ripoti inategemea Mizani, na Mizani inategemea Majaribio, ambayo ni karakana yangu ya kujaribia mambo.

Vijana wa ofisini hunisalimia "oya", na mvi zangu hizi. Basi kwa uchovu nikaiagiza Majaribio iniandikie kila inapoamshwa: "Shikamoo, Mheshimiwa Masanja, fundi wa mafundi." Angalau kompyuta iniheshimu.

Mwenzangu Neema akaiona. "Kaka Masanja, ifungie Majaribio isivuke Mizani. Ripoti itaivuta."

"Itaivutaje? Sijaiunganisha na Ripoti," nikamjibu kwa kiburi. "Haijui hata kama ipo."

Kweli sikuiunganisha. Lakini Ripoti ilipokwenda Magu iliibeba Mizani, na Mizani ikaja na mzigo wake wote, Majaribio na salamu yake ikiwemo.

Siku ya kukabidhi, Mama Kabula mwenye kiwanda, ambaye ni wa umri wa mama yangu mzazi, aliifungua Ripoti kwenye projekta mbele ya wafanyakazi wake wote. Akaisoma ile salamu polepole. Akavua miwani, akainuka, akapiga goti kidogo kama Wasukuma tunavyowafanyia wakubwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa Masanja," akasema, akasubiri niitikie.