Amefuta Mstari wa Bamvua

Leo mtu asinisemeshe. Nimetoka kazini nimefura.

Programu inayopanga tarehe za kliniki hapa kituoni kwetu Kibiti iliandikwa enzi za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kompyuta ya kwanza ilipofika. Sura yake mbaya, ila miaka yote hii haijatuangusha.

Aliyeiandika alikuwa karani wetu, mzaliwa wa delta. Aliweka mstari mmoja: mama akitoka visiwa vya huko delta, tarehe yake iangukie maji ya bamvua, yale yanayojaa sana mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Maji yakiwa mafu vijito havijai, mtumbwi unakwama kwenye tope.

Mwezi uliopita akaja fundi kutoka Dar kuisafisha. Akaukuta ule mstari unahesabu mwandamo wa mwezi.

"Unajimu huu," akacheka. Akaufuta.

Hakuuliza mtu!

Leo asubuhi kaingia binti mwenye mimba ya miezi minane, tope mpaka kiunoni. Mtumbwi ulikwama, wakashuka wakavuka kwa miguu. Bibi yake yuko nyuma, kamshika mgongo.

Na fundi yupo! Kaja kukagua kazi yake, anakunywa chai yangu.

Nikamwonyesha yule binti. Mnajua alisemaje?

"Dada, mbona mfumo unafanya kazi vizuri?"

Jamani, kikombe kilibaki kidogo kiruke. Nyie mngemfanyaje?

Bibi akaketi, akauliza kosa ni nini. Nikamweleza. Akamgeukia fundi, kwa upole kabisa:

"Mjukuu wangu, humo kwenye kompyuta umefuta. Na maji nayo, umeyaambia?"